Pondo, poda na ndevu za katani: kushuti pambano la kungfu la kuchekesha ufukweni Bagamoyo

Picha la kungfu la kuchekesha lina siri moja, na anayeikosa atatoka na kitu cha aibu hata akipewa kamera ya bei ya nyumba. Hadithi iwe ya kipuuzi, mwili uwe wa kweli. Ndevu zinaonekana wazi kuwa ni za kubandika, mzee anaruka ukuta kama mbuzi, adui anacheka mpaka mdomo unafungwa na kicheko bado kinaendelea. Lakini teke likipigwa ni teke kweli, limefanyiwa mazoezi, na aliyelipiga hana habari kwamba kuna mtu anacheka. Ndiyo maana watu huziangalia picha hizi mara ya ishirini na bado wanagongana viwiko. Upuuzi peke yake huchosha kwa dakika tano. Ufundi peke yake ni mashindano ya karate.

Mabadiliko kutoka kungfu ya hasira kwenda kungfu ya kuchekesha yana tarehe. Bruce Lee alifariki Julai 1973, na picha za Hong Kong zilizokuwa zikitawala ni za hasira na kisasi. Mwaka 1978 Yuen Woo-ping akamwongoza Jackie Chan katika picha mbili mfululizo ambamo stelingi ni kijana mtukutu anayechapwa kwanza, na mwalimu wake ni mzee aliyechakaa ambaye hakuna mtu angempa hata kiti. Mzee huyo aliigizwa na Yuen Siu-tien, baba mzazi wa mwongozaji. Jackie Chan na Sammo Hung walilelewa katika shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen huko Hong Kong, wakijifunza sarakasi, kuimba, kuigiza na kupigana jukwaani kwa kufuata mdundo. Ukiangalia vizuri, mchanganyiko huo si mgeni Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na ngoma, sarakasi na maigizo vinafundishwa chini ya paa moja. Mtu wa kupiga samasoti huku akisikiliza ngoma hutafuti mbali.

Maelekezo haya ni ya picha fupi ya dakika 6, simu moja, watu wanane pamoja na mpiga ngoma, na asubuhi mbili za kushuti.

Hadithi: ukurasa mmoja

Andika ugomvi mdogo wenye maneno makubwa. Tenga la samaki aina ya changu limeuzwa mara mbili. Mtu kaazima pondo la kusukumia ngalawa tangu masika hajalirudisha. Nahodha kakalia benchi la mwenzake. Kadiri sababu inavyokuwa ndogo, ndivyo kiapo cha kisasi kinavyochekesha. Bastola usiiweke kabisa: ikitokea tu, mtazamaji ataanza kujiuliza kwa nini wasipigane risasi wakamaliza, na ngumi zote zitakosa kazi.

Wahusika wanne wanatosha: stelingi, adui, mzee mwalimu, na mpambe wa adui ambaye kazi yake ni kurudia neno la mwisho la bosi wake. Dakika zigawanye hivi: ugomvi dakika 1, kipigo cha kwanza nusu dakika, mafunzo dakika 2, majigambo dakika 1, pambano dakika 1 na nusu. Wengi hupunguza kile kipigo cha kwanza kwa sababu stelingi mwenyewe hapendi kuonekana anachapwa. Usimsikilize. Stelingi anayeshinda tangu mwanzo hana wa kumwonea huruma, na asiyeonewa huruma hachekwi kwa mapenzi.

Kwenye majigambo ndipo mwandishi wa Kiswahili anapowapita wengine wote. Katika picha za Kichina wapiganaji hutaja mtindo wao kabla ya kurusha ngumi: chui, korongo, nyoka. Kwetu fani ya kujigamba kwa jina, ukoo na vitendo ni ya tangu zamani, na mipasho kila mtu anaijua. Mpe kila mmoja mistari sita mpaka minane, wapokezane, na kila mstari umjibu mwenzake. Mitindo ichukue ufukweni: kaa, pweza, taa mwenye mwiba. Hapa kuna kanuni ambayo haivunjwi: mtindo uliotajwa mdomoni lazima uonekane miguuni. Aliyesema yeye ni kaa asipige hata hatua moja mbele katika pambano zima, aende ubavuni tu, abane kwa vidole viwili, na akizidiwa ajifukie. Ukisahau hilo, majigambo yanabaki maneno matupu na pambano linakuwa ngumi za kawaida.

Na asitokee mhusika wa kuikonyeza kamera au kusema "kama kwenye muvi". Akikonyeza mara moja tu, ndevu zote zinageuka kuwa katani.

Maji, jua na ruhusa

Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki, jua linachomoza baharini kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini kutegemea mwezi. Ukielekeza kamera baharini saa hiyo watu wanakuwa vivuli vyeusi. Hilo ni zuri kwa vipande viwili vya watu wamesimama wamejipanga, ni baya kwa nyuso. Kuanzia saa nne mwanga unatoka utosini, macho yanakuwa mashimo. Kwa hiyo una saa tatu na nusu za kazi, zisizotosha kama hukupanga.

Chagua siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama. Siku hizo maji hukauka sana mnamo saa nne asubuhi, maana yake kuanzia alfajiri bahari inarudi nyuma na kukuachia mchanga mpya uliolainika kama sakafu. Siku za maji mafu mambo yanageuka: mnamo saa hiyohiyo ya saa nne maji ndiyo yamejaa, nawe unasukumwa kwenye minazi. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo asubuhi ya pili si nakala ya ile ya kwanza. Muulize mvuvi yeyote, hatakosea.

Tatizo linalowaumbua wengi kwenye uhariri ni bahari yenyewe. Kipande cha saa moja asubuhi kina mawimbi mgongoni kwa adui. Cha saa tatu, bahari imeenda zake na nyuma yake kuna tope na ngalawa zilizolala ubavu. Ukiviunganisha, bahari inaruka. Dawa yake ni kushuti vipande vyote vinavyoonyesha bahari ndani ya dakika 40, kisha geuza kamera upande wa minazi na umalizie vilivyobaki. Nyayo nazo zina tabia hiyohiyo: mchanga safi katika kipande cha pili baada ya watu kuruka katika cha kwanza. Tembeza watu wote mahali pa pambano kwa dakika tano kabla ya kuanza, uwe umevurugika tangu mwanzo.

Mchanga wenye maji uliogandamana unafaa kwa mateke na mizunguko, lakini ukiuangukia ni kama saruji. Mchanga mkavu wa juu unafaa kuanguka, lakini unameza miguu na teke linatoka limechoka. Usitafute sehemu moja ya kufanya yote. Pale mtu anapotakiwa kuanguka chimbua eneo la mita 1.5 kwa mita 2, kina cha sentimita 30, ondoa makombe, vipande vya chupa na ndoano, kisha rudisha mchanga ukiwa umelegea.

Kuhusu ruhusa: kibali cha kushuti filamu hutolewa na Bodi ya Filamu, na ofisi ya serikali ya mtaa ipewe taarifa. Soko la samaki lina uongozi wake. Magofu ya Kaole na majengo ya Mji Mkongwe ni urithi wa kale, uliza ni ofisi ipi inayasimamia sasa. Hata ukipata ruhusa, usipange mtu kurukia kuta. Ni matumbawe na chokaa, zinamomonyoka, na makaburi si jukwaa. Watoto watajaa, hilo halina ubishi. Badala ya kuwafukuza, pata idhini ya wazazi wao uwaweke kwenye picha kama watazamaji wanaogeuza vichwa kushoto na kulia pamoja, kama wako uwanja wa mpira. Hakuna kichekesho cha bei nafuu kuliko hicho.

Vifaa

Pondo la kweli ni mti mzito wa mita nne, likimgusa mtu kichwani mchezo umekwisha. Litumie kwa kipande kimoja tu cha karibu, ili mtazamaji aone ni la kweli. La kupigania ni mwanzi wa mita 2, unene wa sentimita 3, uliosuguliwa msasa na kupakwa chai nzito mara tatu ufanane na mkoko. Mwanzi hupasuka kwa urefu na nyufa zake zinakata kama wembe, kwa hiyo zungushia utepe wa karatasi wenye gundi kila baada ya sentimita 30 kabla ya kupaka rangi. Ncha zote mbili vishe sponji ya godoro na kitambaa. Hatua za kupigana kwa fimbo waweza kuziazima kwenye kirumbizi, ngoma ya fimbo ya pwani, ambako tayari kuna kuzungukana, kulengana na kusimama kwa mdundo.

Benchi la kuvunjika tengeneza kwa mbao ya msonobari ya milimita 20, ikatwe msumeno upande wa chini kina cha milimita 15. Zibaki milimita 5 za kushikilia. Misumari yote iwe miguuni, pasiwe na hata mmoja karibu na mkato. Tengeneza matatu. La kwanza atalikalia mtu kabla ya kushuti, utakavyomwonya vyovyote.

Ndevu ni katani, na Mungu ametujalia pwani yenye katani. Chukua nyuzi za sentimita 40, osha kwa maji ya sabuni, anika, chana kwa kitana cha mti. Zifunge moja moja kwenye kipande cha chandarua cha sentimita 12 kwa 3, na kibandike kidevuni kwa gundi ya kope inayouzwa maduka ya vipodozi. Gundi ya kubandika viatu inaondoka na ngozi, achana nayo. Rangi ya asili ya katani inafaa kwa mzee. Nyusi za adui zichovye kwenye kahawa. Kipindi cha kusi ndevu zitaingia mdomoni katikati ya sentensi. Zifunge kwa uzi mwembamba nyuma ya masikio, na zikiingia hata hivyo, mwigizaji aendelee kuongea nazo mdomoni kwa heshima zote. Mara nyingi hicho ndicho kipande kitakachobaki.

Samaki wa kweli ni wa kipande kimoja cha karibu, kisha wapelekeni jikoni. Baada ya saa mbili za jua ni inzi watupu. Katika tenga linalorushwa weka vipande vya mgomba vilivyochongwa umbo la samaki na kufungwa karatasi ya fedha. Vinaonekana wazi ni vya bandia, na ni sawa, mradi anayepigwa navyo aumie kama amepigwa na nguru mzima.

Stelingi avae msuli na ndani yake bukta iliyoshonwa isivuke. Teke la juu ndani ya msuli mrefu halipandi: ukunje mpaka magotini na uchomeke nyuma.

Kupanga mapigo

Pambano la dakika moja na nusu linahitaji mapigo 24. Yapange katika vipande 8, kila kipande mapigo matatu. Ndivyo walivyofanya kazi watu wa Hong Kong: hawakupiga pambano zima kisha kulirudia kutoka pembe tatu, walipanga mapigo machache kwa ajili ya sehemu moja ya kamera, wakayapiga mpaka yakatoka, kisha wakahamisha kamera na kupanga mengine. Mwigizaji anakumbuka matatu kwa usahihi. Akipewa kumi na mawili anaanza kufikiri, na mtu anayefikiri uso wake unaonekana.

Kila pigo lina hesabu nne, na hapa ndipo mpiga ngoma anapokuja. Moja, anayepiga anarudisha mkono au mguu nyuma, waziwazi. Mbili, anayepigwa anaona. Tatu, pigo linafika. Nne, wote wanaganda. Ule mgando wa hesabu ya nne ndio unaozipa picha hizi sura yake. Umetoka kwenye opera, ambako mchezaji husimama ghafla ili hadhira imwone. Bila mgando unapata fujo ya kilabuni. Anzeni mazoezi kwa mdundo wa mipigo 60 kwa dakika, mara tano, kisha 80, mara tano, kisha 100. Kwa mdundo wa 100, mapigo 24 yanachukua kama sekunde 58, na muda uliobaki ni wa kujipanga, kutweta na kutishana. Mpiga ngoma asipige mdundiko wenyewe, maana watu wataanza kucheza. Ampe kila mpiganaji mlio wake: adui besi, stelingi ngoma ndogo.

Umbali kati ya ngumi na uso ni shibiri moja kamili. Mwenye kupigwa ndiye anayelifanya pigo, si mpigaji: kichwa kigeuke upande ngumi inakoelekea, hesabu ya tatu barabara. Kosa la kawaida ni kugeuka mapema kwa woga, na linaonekana hata kwa mtoto. Kosa lingine ni mpigaji kusimamisha ngumi hewani. Ipite moja kwa moja mbele ya uso, imalizie upande wa pili. Kabla ya kila kipande wawili hao waangaliane machoni. Asiyeangalia, pigo halirushwi. Neno la kusimamisha liwe moja, "Basi!", na yeyote akilisema kila mtu anaacha, hata kama ni mtoto wa pembeni.

Kuanguka kufundishwe siku mbili kabla, kwenye magodoro. Kidevu kifuani, mgongo uviringike, mkono mzima upige chini ubavuni. Anayejikinga kwa kuunyoosha mkono nyuma yake anavunja kifundo. Samasoti ipigwe na mtu wa sarakasi tu, avae nguo za stelingi, ashutiwe kwa nyuma. Uso wa stelingi mchukue akitua: anaruka nusu mita kutoka kwenye ndoo iliyofichwa. Akiwa mnene na aliyeruka mwembamba, wala usihangaike. Hadhira ya picha hizi imelizoea hilo na inalipenda.

Jambo la mwisho kuhusu mapigo: vichekesho viwekwe ndani ya mapigo yenyewe. Adui anavunja benchi kwa kichwa kuonyesha nguvu. Hesabu tatu baadaye, akiwa amegeuka, ndipo anashika kichwa, mara moja, haraka, kisha anarudi kuwa adui. Mpambe anapokea kila pigo ambalo bosi wake amelikwepa. Pondo linazunguka vizuri kwa mikono ya mzee, likifika kwa stelingi linampiga mwenyewe kisogoni, mara ya pili tena, mara ya tatu anaukwepa upande ule na kujipiga upande mwingine. Kila kimoja kati ya hivi kinahitaji usahihi uleule wa teke. Kikichelewa nusu sekunde hakichekeshi.

Kamera

Simama nyuma ya bega la anayepiga, ngumi ivuke mbele ya uso wa mwenzake kutoka upande mmoja wa picha mpaka mwingine. Pale shibiri yako inapotea. Ukisimama ubavuni, ile hewa kati ya ngumi na shavu kila mtu ataiona. Rudi nyuma mita tano na utumie lenzi ya kuvuta badala ya kusogea karibu na lenzi pana: lenzi ya kuvuta inawabana watu pamoja, pana inawatenganisha. Miguu ionekane. Picha hizi zinaaminika kwa sababu unaona mwili mzima, kuanzia utosi hadi kisigino.

Shuti kwa fremu 30 kwa sekunde, funga mwanga, rangi na fokasi kwenye programu ya kamera ili simu isibadilishe yenyewe wingu likipita. Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/120 ya sekunde ukiweza. Jua likikaza simu itapandisha shata mpaka juu kabisa na mwendo utakatikakatika. Bandika kioo cha miwani ya jua mbele ya lenzi. Ukiwa na vipande vya ndani usiku, vishuti kwa shata ya 1/100 au 1/50, maana umeme wetu ni hertz 50 na taa zitaonekana zikiwaka na kufifia ukiweka namba nyingine.

Kwenye uhariri ongeza mwendo wa vipande vya ngumi kufikia asilimia 110. Mafundi wa zamani walipata matokeo hayohayo kwa kuizungusha kamera kwa fremu 22 badala ya 24. Ukivuka asilimia 120 mkono unakuwa wa katuni na nguo zinapepea kama zina wazimu. Vipande vya kuongea usiviguse. Anguko kubwa moja tu lishutiwe kwa fremu 60 na kupunguzwa nusu. Moja, si matano.

Ile kuvuta uso ghafla, inayoonyesha macho ya adui baada ya tusi, ifanye kwa 4K na kuikuza mara mbili ndani ya fremu 10 kwenye uhariri wa 1080. Mkono wa mtu hauwezi kuivuta simu vizuri kiasi hicho. Iweke baada ya neno zito, isiwe katikati yake.

Na poda. Kijiko kimoja cha poda ya mtoto kifuani na begani kwa anayepigwa, chini kidogo ya kola. Pigo likifika, vumbi linatoka, na jicho linaamini kulikuwa na uzito. Unga wa ngano unaganda kwa jasho. Usoni usipake kitu.

Mafunzo ya mzee

Mateso matatu yanatosha, yote yatokane na kazi za hapa: kuchota maji ya chumvi kwa kifuu mpaka ndoo ijae, kukuna nazi huku amechuchumaa bila kukalia mbuzi, kusimama juu ya vigingi viwili maji yakijaa. Mbuzi yenyewe iondolewe chuma chake, abaki mtu na ubao. Chuma kionyeshwe katika kipande tofauti cha karibu. Kila teso lirudi kwenye pambano kama pigo: mkono wa kukuna nazi unakuwa kabari, mkono wa kuchota unakuwa kofi. Asiyeliunganisha hilo amepoteza dakika mbili za watu.

Sauti

Usihangaike kurekodi sauti ufukweni, upepo utakushinda. Picha nyingi za Hong Kong za miaka hiyo zilishutiwa bila sauti na kuingizwa sauti baadaye, ndiyo maana midomo na maneno havielewani. Kutoelewana huko sasa ni sehemu ya utamu.

Tafuta chumba kidogo, tundika magodoro mawili na khanga ukutani, zima feni. Ngumi ni sauti tatu zilizopangwa pamoja. Mvumo ni fimbo ya henzerani inayopita sentimita 30 mbele ya simu. Kishindo ni mfuko wa kilo 5 wa maharage unaopigwa kwa ngumi juu ya godoro. Mchapo ni khanga iliyoloana inayokung'utwa ghafla. Mvumo uanze fremu 5 kabla ya pigo, kishindo kiwe kwenye fremu ya pigo, mchapo fremu moja baadaye. Kishindo kikitangulia hata kwa fremu mbili, pigo linaonekana la uongo ghafla, na hutajua kwa nini. Mfupa uliovunjika ni karoti mbili ndani ya taulo. Rekodi ngumi sita, mbili za stelingi, mbili za adui, mbili za mpambe ambazo ni kama za kupiga debe. Kurudia sauti zilezile kunaruhusiwa na kunapendwa, ila kila mtu abaki na zake.

Maneno yarekodiwe upya, wakiangalia picha. Yachelewe fremu 6 mpaka 8, hasa kwa adui. Yakichelewa sekunde nzima mtazamaji atadhani mashine imeharibika. Sentensi za adui ziwe ndefu kidogo kuliko mdomo wake, kicheko chake kiendelee sekunde mbili baada ya kufunga mdomo. Anayesikiliza kanda za Lufufu, yule aliyekuwa akizitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake ya Kiswahili, atajua jinsi sauti moja ya Kiswahili inavyoweza kumvisha mgeni tabia ya mtu wa mtaani. Jifunze hapo mwendo wa sauti, usiige maneno. Lafudhi iwe ya pwani tupu. Mzee aongee taratibu, asipaze sauti hata akiwa anaruka.

Muziki wa watu usichukue. Umeshamlipa mpiga ngoma, mrekodi.

Kuunganisha

Kwenye pigo kubwa, kata kutoka pembe moja kwenda nyingine na urudie fremu 3 za mwisho: ngumi inafika mara mbili na jicho linahesabu moja yenye nguvu. Ukirudia fremu 10 inaonekana ni hitilafu. Usikate kabla ya mgando. Mwache mtu agande fremu 8 mpaka 12, ndipo ukate. Wahariri vijana huwa na haraka hapa, wanakata kila nusu sekunde wakidhani ndiyo kasi. Ukikata hivyo unamficha mtu aliyefanya mazoezi wiki nzima. Baada ya kila kichekesho kikubwa acha sekunde mbili zisizo na neno, kwa sababu watu watacheka na maneno yajayo yatapotea.

Kuijaribu

Toa nakala ya MP4 kwenye flashi, omba dakika kumi katika kibanda umiza (banda la kuonyeshea video na mpira) kimoja Magomeni au Dunda hapa Bagamoyo kabla ya mechi, kaa nyuma na karatasi. Usitazame picha, tazama vichwa. Andika dakika na sekunde walipocheka, walipoanza kuongea, na walipotoa simu. Wakicheka kipigo cha kwanza lakini wakanyamaza kwenye pambano la mwisho, maana yake mitindo haikuonekana miguuni; rudi ufukweni ukashuti upya vipande viwili. Wakianza kumjibu adui wakati wa majigambo, ongeza sekunde moja kati ya mstari na mstari ili wapate nafasi. Na muombe mwenye kibanda asogeze benchi la mbele nyuma hatua tatu kabla majina hayajaanza kupita, kwa sababu watoto wakiinuka hapo wanainuka na mateke, na televisheni iko usawa wa miguu yao.